UZI: Daraja la kwanza halipatikani mwaka wa mwisho. Namna ya kupanga GPA na mshauri wako wa kitaaluma tangu muhula wa kwanza

Mlezi wa Idara (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila matokeo ya mwaka wa tatu yanapotoka, milango ya washauri wa kitaaluma hujaa wanafunzi wenye GPA (wastani wa pointi za kozi zote, juu kabisa ni 5.0) ya 4.2 na 4.3 wanaouliza wafanyeje wafike 4.4. Wakati huo hakuna ushauri uliobaki, kuna hesabu tu, na hesabu imeshafungwa. Uzi huu ni kwa ajili ya walio mwaka wa kwanza na wa pili, na kwa wahadhiri wapya waliokabidhiwa orodha ya wanafunzi wa kuwashauri bila kuelekezwa waanzie wapi.

Kabla ya yote tuelewane kwa majina. Shahada ya heshima ni ile anayotunukiwa mtu kwa mchango wake bila kukaa darasani. Tunayoizungumzia hapa ni shahada ya kawaida iliyopata daraja la kwanza. Wapo wanaoandika "shahada ya heshima" kwenye wasifu wao wakidhani ndiyo tafsiri ya "honours degree", na anayesoma barua zao za maombi anashangaa.

Kwa shahada ya kwanza hapa Tanzania madaraja yanakwenda hivi: 4.4 hadi 5.0 ni daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 ni la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 la pili la chini, 2.0 hadi 2.6 ni pasi. Alama 70 kwenda juu ni A, 60 hadi 69 ni B+, 50 hadi 59 ni B, 40 hadi 49 ni C. Shahada ya miaka mitatu haipungui krediti 360 (krediti ni kipimo cha uzito wa kozi), ya miaka minne haipungui 480.

Chukua chuo kinachotoa pointi kamili: A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Usianze kwa kuuliza "nina A ngapi". Uliza kila krediti imesimama wapi ukiilinganisha na 4.4:

Krediti ya A inakupa ziada ya 0.6.
Krediti ya B+ inakukata 0.4.
Krediti ya B inakukata 1.4.
Krediti ya C inakukata 2.4.

Maana yake A mbili zinabeba B+ tatu za uzito uleule. C moja inakula A nne. Na kama huna B wala C hata moja, unahitaji asilimia 40 tu ya krediti zako ziwe A, yaani 144 kati ya 360, zilizobaki zote ziwe B+. Watu wengi wanaogopa daraja la kwanza kwa kudhani ni A tupu. Si A tupu. Ni kutokuwa na C, na kuwa na B chache mno.

Jambo la pili ni uzito. Kozi ya krediti 12 na kozi ya krediti 8 hazifanani hata kama zote zina mtihani wa saa tatu. Mwanafunzi anayekesha kwenye kozi ya krediti 6 kwa sababu mhadhiri wake ni mkali, huku kozi ya krediti 12 akiisoma wiki ya mwisho, anajikata mwenyewe. Krediti moja imehesabiwa kuwa saa 10 za kazi yote: mihadhara, semina, maabara, kujisomea, majaribio. Muhula wa krediti 60 ni saa 600. Zigawe kwa wiki 15 za masomo, unapata saa 40 kwa wiki. Ukiona ratiba ya mihadhara ina saa 18, zile 22 zilizobaki si za kupumzika, ni zako za kujisomea na kazi za darasani.

Karibuni tuendelee.

---

Takwimu Tupu

Mkuu umeanza vizuri, ila hapo kwenye pointi weka alama nyekundu. Vyuo havitumii mtindo mmoja. Vipo vinavyotoa pointi kamili kama ulivyoeleza, na vipo ambavyo pointi inateleza ndani ya daraja kulingana na alama. Mtu akitumia hesabu ya mtindo wa kwanza kwenye chuo cha mtindo wa pili, atajidanganya mpaka siku ya mahafali.

Mfano wa unaoteleza: 70 inapewa 4.4 na 100 inapewa 5.0. Hapo kila alama moja juu ya 70 inaongeza 0.02 tu. Alama 80 ni 4.6, alama 90 ni 4.8. Upande wa B+, 60 ni 3.5 na 69 ni 4.3, kwa hiyo kila alama moja ni karibu 0.09.

Sasa ona tofauti. Mwenye B+ ya 62 ana 3.68 hivi. Amepungukiwa 0.72. A ya 80 inamrudishia 0.2 peke yake, kwa hiyo anahitaji karibu A nne za 80 kuziba shimo la B+ moja. Kwenye mtindo wa pointi kamili, A moja ya 70 ingetosha na chenji ikabaki.

Ushauri unabadilika kabisa. Kwenye pointi kamili, mwenye 68 ya makadirio akazane avuke 70, na mwenye 78 ya uhakika ahamishie nguvu kozi nyingine. Kwenye pointi zinazoteleza, faida kubwa iko kwenye kuinua kozi dhaifu: kutoka 62 hadi 68 ni pointi 0.53, kutoka 82 hadi 88 ni 0.12. Kazi ni ileile ya alama sita.

Fungua prospektasi ya chuo, sehemu ya kanuni za mitihani, usome jedwali lenyewe. Usimuulize mwenzako wa chumbani.

---

Mlezi wa Idara

Nakushukuru Takwimu Tupu, hili nililiacha nje na ni kubwa. Anayesoma uzi huu aanze hapo: jua chuo chako kiko upande gani.

---

Nuru wa Mbezi

Shikamooni walimu. Tuseme mwanafunzi wa miaka mitatu, chuo cha pointi kamili, amemaliza mwaka wa pili, krediti 240, mfumo unaonyesha 4.1. Daraja la kwanza bado lipo au ahesabu limeondoka?

---

Mlezi wa Idara

Marahaba Nuru. Swali zuri, na jibu linategemea kitu ambacho skrini haionyeshi.

Daraja la kwanza kwa krediti 360 ni pointi 1,584 (360 mara 4.4). Kama 4.1 yake ni 4.1 kamili, ana pointi 984. Zimebaki 600 kwa krediti 120. Hiyo ni 5.0. A kila kozi, pamoja na utafiti, bila kuteleza hata mara moja.

Lakini vyuo vingi hukata GPA kwenye desimali moja bila kuipandisha. 4.19 inaandikwa 4.1. Kama pointi zake halisi ni 1,005, GPA ni 4.18 na bado skrini inasema 4.1. Hapo anadaiwa pointi 579, yaani krediti 99 za A na krediti 21 za B+. Kwa lugha ya kozi, anaruhusiwa B+ mbili hivi mwaka mzima. Ni mlima, lakini si sawa na ule wa kwanza.

Kwa hiyo wanafunzi wawili wenye 4.1 ileile wanapewa ushauri tofauti. Mmoja unamwambia ukweli kwamba lengo lake sasa ni kuilinda 4.1 isishuke chini ya 3.8 (nitaeleza kwa nini), mwingine unakaa naye mnachagua kozi moja moja. Toa karatasi, andika kila kozi, krediti zake, pointi zake, zidisha, jumlisha. Dakika 20. Usitegemee namba moja ya mfumo.

Na kukatwa huko ndiko kunakoumiza mwishoni: 4.39 ni 4.3. Pointi 1,583 kwa krediti 360 ni daraja la pili la juu.

Kwa anayetaka kujipima mapema: ukimaliza mwaka wa kwanza na 4.0, unadaiwa wastani wa 4.6 kwa miaka miwili, A kwenye asilimia 60 ya krediti. Ukimaliza na 3.6, unadaiwa 4.8, A kwenye asilimia 80. Inawezekana, ila mwaka wa kwanza umeshakunyang'anya nafasi ya kukosea.

---

Mama Semina

Nizungumzie kikao chenyewe na mshauri, maana hapo ndipo muda unapotea bure. Mwanafunzi anaingia ofisini anasema "mwalimu naomba ushauri", mhadhiri anamwambia "soma kwa bidii", wanaagana. Wote wawili wamekosea.

Nenda na ukurasa mmoja. Upande wa kushoto kozi ulizomaliza: namba ya kozi, krediti, daraja, pointi. Upande wa kulia kozi zilizobaki hadi kuhitimu, za lazima na za hiari, na muhula zinapofundishwa. Chini maswali matatu yasiyozidi mstari mmoja kila moja. Kwa mfano: kozi hii ya hiari inahitaji niwe nimesoma ipi kabla? Utafiti wangu unaweza kuanza kuandikiwa wazo muhula huu? Kozi hizi mbili nzito nizichukue pamoja au nizitenganishe?

Nyakati za kwenda ni tatu. Wiki ya kusajili kozi, kabla hujabonyeza kuthibitisha. Baada ya majaribio ya kwanza kurudi, kawaida katikati ya muhula, alama za kozi weki (kazi na majaribio ya ndani ya muhula) zikiwa bado zinaweza kuokolewa. Na mara matokeo yanapotoka. Anayekwenda mara moja kwa mwaka, baada ya matokeo, anakwenda kupewa pole.

Mshauri ana mipaka. Anaweza kukusainia fomu ya kozi, kukuandikia kwa mkuu wa idara ukiumwa au ukifiwa, kukupeleka kitengo cha ushauri nasaha, kukuunganisha na msimamizi wa utafiti. Hawezi kubadili alama. Hawezi kukufungulia karatasi ya mtihani ya mhadhiri mwingine. Malalamiko ya alama yana njia yake ya rufaa, yana siku zake na ada yake, na siku zikipita hata mkuu wa chuo hatakusikiliza.

Na wahadhiri wenzangu: weka faili moja kwa kila mwanafunzi, hata ukurasa mmoja. Andika tarehe na mlichokubaliana. Mwanafunzi anayeelekea daraja la kwanza mara nyingi hasemi anapozidiwa, kwa sababu kila mtu anamwambia yeye ni kichwa. Ukiona CA zake (alama za kozi weki) zimeshuka kwenye kozi tatu kwa pamoja, hilo si tatizo la kozi. Muulize analala wapi, anakula nini, nyumbani kukoje.

---

Kipanga wa Soweto

Mama Semina hapo mwisho umesema jambo. CA ikishuka kwenye kozi moja ni kozi, ikishuka kwenye zote ni mtu.

---

Wafula 254

Hamjambo ndugu zetu. Huku Kenya hesabu ni tofauti, na inafaa isemwe kwa wanaosoma uzi huu kutoka upande wetu.

Vyuo vyetu vingi havina GPA. Wastani wa alama ndio unaoamua: 70 kwenda juu ni daraja la kwanza, 60 hadi 69 la pili la juu, 50 hadi 59 la pili la chini, 40 hadi 49 pasi. Kwa hiyo kila alama ina kazi. 83 haipotei kama inavyopotea kwenye pointi kamili za Tanzania.

Kinachoangusha watu ni sapu. Ukifeli uniti (ndiyo kozi) ukarudia mtihani, alama inayoandikwa haizidi 40 hata ukipata 80. Chukua shahada ya uniti 48. Unahitaji jumla ya alama 3,360. Uniti moja ya 40 inakuachia deni la alama 30. Ukipata 72 kwenye uniti nyingine, kila moja inalipa 2. Uniti 15 za 72 zimeenda kulipa deni la sapu moja.

La pili ni alama zinazokosekana. Umefanya CAT (jaribio la ndani ya muhula), umefanya mtihani, matokeo yakitoka uniti haina alama. Sababu kubwa ni tatu: hukusajili uniti kwenye mfumo kabla ya mwisho wa usajili, hivyo jina halimo kwenye orodha ya kujaza alama, ulisaini orodha ya kundi jingine siku ya mtihani, au uniti inafundishwa na idara nyingine na karatasi zenu zimebaki huko. Dawa yake ni ya kila siku. Hifadhi karatasi za CAT zilizosahihishwa mpaka siku ya mahafali. Piga picha ya skrini ya usajili wa uniti. Siku ya mtihani soma kichwa cha orodha kabla ya kusaini. Uniti ikikosa alama nenda muhula huohuo, usingoje mwaka wa nne wakati mhadhiri wa muda ameshaondoka chuoni.

---

Daktari wa Kozi Weki

Wafula amegusa sapu, niongezee ya huku. Tanzania nako sapu ukifaulu unapewa C, hata ukipata alama 85. Kwenye ile hesabu ya mwanzisha uzi, kozi ya krediti 12 iliyopitia sapu inakata 28.8 (12 mara 2.4). Kuirudisha unahitaji krediti 48 za A. Hiyo ni karibu muhula mzima.

Ndiyo maana tofauti ya sapu na mtihani maalumu ni ya kufa na kupona kwa anayetafuta daraja la kwanza. Mtihani maalumu ni wa mtu ambaye hakufanya mtihani kwa sababu iliyokubaliwa: ugonjwa, msiba wa karibu, sababu nyingine iliyoidhinishwa. Haukatwi. Ukipata 78 unaandikiwa A.

Kosa linalorudiwa kila mwaka: mtu ana malaria, joto 39, anajikokota anaingia chumba cha mtihani kwa sababu hataki "kubaki nyuma". Anapata 34. Baadaye analeta cheti cha hospitali. Hakipokelewi, kwa sababu kwa kukaa kwenye mtihani amekiri kuwa yuko tayari kufanya. Angepita zahanati ya chuo asubuhi ile, akapewa fomu, akaipeleka kwa mratibu wa mitihani kabla ya mtihani kuanza au siku hiyohiyo, angefanya mtihani maalumu akiwa mzima.

Taratibu: cheti kitoke zahanati ya chuo au hospitali inayotambuliwa, kiwe na tarehe ya siku ya mtihani, barua ya kuomba kuahirisha ipite kwa mkuu wa idara, nawe ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Nakala bila mhuri ni karatasi tu.

---

Nuru wa Mbezi

Ahsanteni sana. Na kozi za hiari? Wengi wanasema chukua zile nyepesi zenye A za kugawa.

---

Takwimu Tupu

Kwa hesabu tupu, wako sahihi. Krediti ya A ni ziada ya 0.6 hata iwe kozi gani. Mwenye kozi nne za hiari akizichagua vizuri akapata A zote, anabeba B+ sita za uzito uleule.

---

Mama Semina

Hapa nakataa, na nakataa kwa nguvu. Cheti anakiona mtu mara moja. Transkripti (orodha ya kozi zote na matokeo yake) inasomwa mstari kwa mstari. Mwanafunzi wa uchumi anayetaka shahada ya uzamili kwenye idara inayojiheshimu ataulizwa hisabati na ekonometriki. Wa biolojia ataulizwa takwimu. Akikwepa hizo akachukua kozi nne za utangulizi, ana 4.5 na mlango umefungwa. Nimeona kamati zinamwacha wa 4.5 zinamchukua wa 4.0 aliyesoma kozi ngumu za fani.

Ushauri ninaousimamia: kati ya kozi nne za hiari, mbili ziwe za kukufungulia njia hata kama zitakupa B+, mbili ziwe unazozimudu. Usichukue mbili ngumu muhula mmoja. Na usichukue kozi ya ziada juu ya zinazotakiwa ukidhani isipokwenda vizuri haitahesabiwa. Vyuo vingi vinahesabu kila kozi iliyosajiliwa.

---

Takwimu Tupu

Nakubaliana na mbili kwa mbili. Hesabu inaruhusu: B+ mbili zinakata 0.8, A mbili zinaleta 1.2, ukiwa uzito sawa.

---

Mukasa K

Nasalimu kutoka Kampala. Kwa wanaovuka kuja Makerere, msije na mizani ya Dar. Hapa A inaanza 80 na ni 5.0, 75 ni 4.5, 70 ni 4.0, 65 ni 3.5. Alama 72 ambayo huko ni A hapa ni 4.0. Daraja la kwanza ni 4.40 kwa desimali mbili.

---

Asha wa Minnesota

Kwa mwenye ndugu anayesoma Marekani: huko ni vitu viwili tofauti na watu huvichanganya. Kuna sifa ya Kilatini (kama cum laude) inayoandikwa kwenye cheti kwa GPA ya mwisho, na kuna programu au koleji ya wanafunzi bora ndani ya chuo, ambayo mtu anaiomba, ana mshauri wake wa pekee mbali na mshauri wa fani, ana idadi ya kozi maalumu za kumaliza na mara nyingi tasnifu. GPA ya kubaki ndani mara nyingi ni kati ya 3.3 na 3.5 kwa mizani ya 4.0. Linaloangusha wengi si GPA, ni kuwa na washauri wawili wasiozungumza. Mmoja anaidhinisha kozi, mwingine anasema haihesabiki. Kila mabadiliko yapelekwe kwa wote wawili kwa barua pepe moja, majina yote mawili yakiwemo.

---

Mlezi wa Idara

Ahsante dada Asha. Nigeukie utafiti wa mwaka wa mwisho, maana una krediti nyingi kwenye kozi moja na ndipo daraja la kwanza linapopatikana au kupotea.

Wazo liandikwe mwishoni mwa mwaka wa pili, si baada ya kurudi mwaka wa tatu. Ukurasa mmoja: swali moja, data itatoka wapi, nani atakuruhusu kuipata. Swali la tatu ndilo linaloua tafiti. Ukitaka kukusanya data shuleni au ofisi za umma, chuo kinakupa barua ya kukutambulisha, unaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, yeye anakuandikia wilaya au halmashauri, ndipo unafika kwenye shule au ofisi. Kila meza ina siku zake. Utafiti unaogusa wagonjwa au taarifa za afya unahitaji pia kibali cha kamati ya maadili, na bila hicho hata data nzuri haitumiki. Mwanafunzi anayeanza kuomba barua mwezi anaotakiwa kuwa uwandani anaishia kutunga dodoso la watu 30 wa bweni lake, na mtahini wa nje analiona hilo ukurasa wa kwanza wa sura ya tatu.

Kubalianeni na msimamizi tarehe za kila sura kwa maandishi. Sura ya kwanza hadi ya tatu zipite kabla ya kwenda uwandani. Mpe msimamizi siku 10 hadi 14 za kusoma, na usimpelekee sura mpya kabla hajarudisha ya mwanzo. Akipata sura mbili hasomi hata moja vizuri.

Sasa ile 3.8 niliyoahidi. Matangazo ya nafasi za wahadhiri wasaidizi wanafunzi (Tutorial Assistant) kwenye vyuo vya umma huomba GPA isiyopungua 3.8 ya shahada ya kwanza, na kupanda daraja baadaye huombwa 4.0 ya uzamili. Kwa krediti 360, 3.8 ni pointi 1,368. Na ufadhili wa Jumuiya ya Madola kwa uzamili Uingereza unaomba angalau daraja la pili la juu. Anayekosa 4.4 asiache kuhesabu. Kati ya 4.3 na 3.8 bado kuna milango, na mwanafunzi aliyekata tamaa muhula wa tano hushuka haraka kuliko anavyodhani.

---

Juma Mkalimani

Barua za utambulisho kwa ajili ya ufadhili, mwalimu? Wengi wanaomba siku mbili kabla.

---

Mama Semina

Siku mbili unapata barua ya mistari minne inayosema "ni mwanafunzi mzuri mwenye nidhamu". Haikusaidii. Toa wiki tatu. Ambatisha transkripti ya muda, wasifu wa kurasa mbili, tangazo la ufadhili lenyewe, na orodha fupi ya kazi ulizofanya kwenye kozi ya huyo mhadhiri: mada ya semina uliyowasilisha, daraja la mradi, swali la utafiti. Mhadhiri ana wanafunzi 300. Hakumbuki, na si kosa lake. Omba kwa aliyekufundisha angalau kozi mbili au aliyekusimamia, si kwa mwenye cheo kikubwa asiyekujua. Ikibaki wiki moja, kumbusha mara moja kwa adabu.

---

Nuru wa Mbezi

La mwisho kutoka kwangu. Mwanafunzi amesajili kozi, wiki ya tatu anaona haiwezi. Akiacha tu kuhudhuria inafutika?

---

Daktari wa Kozi Weki

Haifutiki. Jina linabaki kwenye orodha, CA inasomeka sifuri, siku ya mtihani anaandikwa hakutokea, na kozi inaingia kwenye GPA kama kufeli. Aende leo kwa mshauri achukue fomu ya kuongeza na kufuta kozi, isainiwe na mhadhiri wa kozi na mkuu wa idara, ipelekwe ofisi ya usajili kabla ya tarehe ya mwisho iliyo kwenye kalenda ya chuo. Kisha baada ya siku tatu aingie kwenye mfumo ahakikishe kozi imetoka kweli. Ikiwa bado ipo, arudi na nakala yenye mhuri.

---

Nuru wa Mbezi

Nimeelewa. Kesho asubuhi fomu.